"Nimeanza Upya," Asema. Na Aliyemwacha Je?

Kuna neno moja ambalo siku hizi halikosekani katika vinywa vya watu wazima wa milima yetu ya Lubero: "Naanza maisha upya." Zamani neno hilo lilikuwa la vijana waliotoka shuleni, wala hakuna aliyestaajabu, maana kijana hana budi kuanza mahali fulani. Lakini leo hulisema mtu wa miaka 35 au 40, aliyefunga ndoa mbele ya altare, mwenye watoto wanne na deni dukani. Asubuhi moja anafunga nguo zake katika mfuko, anashuka Mangurejipa penye dhahabu, au anakwenda Mambasa kutafuta msitu wa kupanda kakao, au anavuka mpaka wa Kasindi na kupotelea Uganda. Mwaka wa kwanza anatuma salamu. Mwaka wa pili salamu zinapungua. Mwaka wa tatu twasikia kwa madereva wa malori kwamba amejenga, ana mke mwingine na mtoto mchanga. Naye akiulizwa hujibu bila haya: "Yale ya Kipese yamekwisha. Nimeanza upya." Nasi tuliobaki twatikisa kichwa na kunyamaza, kana kwamba maneno hayo mawili ni sakramenti iliyofuta kila kitu.

Mimi sinyamazi tena. Nasema maneno hayo ni ya uongo, na ubaya wake umezidi kwa sababu yanafanana sana na jambo jema. Mtu mzima aweza kuhama, kubadili kazi, kuacha pombe, kujifunza kusoma akiwa na mvi. Hayo yote ni mema, nasi twayasifu. Asichoweza ni kuwa mtu ambaye hajapata kuishi. Mke wake yuko. Watoto wake wako. Mahari ililiwa, mashahidi wangali hai, na jina lake limeandikwa kwa wino katika kitabu cha ndoa.

Lakini kabla ya kumshika huyo mtoro, yanipasa niseme jambo ambalo wazee wetu hawapendi kulisikia. Wengi wanaoondoka wana sababu. Milima imejaa. Upande wa mashariki twapakana na hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Park Albert, ikapanuliwa baadaye hata ikafikia karibu kilomita za mraba 7,800. Wakoloni nao walijitwalia sehemu nzuri za mlimani kwa mashamba yao makubwa, na mengi ya mashamba hayo, Wazungu walipoondoka, yalipita mikononi mwa wakubwa bila kumfikia mkulima. Baba mwenye wana sita akigawa shamba lake la viazi na vitunguu, kila mmoja hupata kipande ambacho mbuzi aliyefungwa aweza kukimaliza kwa urefu wa kamba yake. Halafu mwaka 1982 serikali ya Mobutu iliruhusu wananchi wachimbe dhahabu wenyewe, na tangu hapo kila kijana aliyekosa shamba alijua njia ya kushuka msituni. Kuondoka si dhambi. Na mzee anayemwita kila aliyeondoka mwana mpotevu, huku yeye mwenyewe ameuza mlima wa ukoo kwa tajiri wa mjini, huyo afadhali anyamaze kwanza.

Wala nisiwachanganye watoro na wale waliofukuzwa na vita. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, watu wasiohesabika wameamka usiku na kuacha nyumba, kuku na mazao yao huko Mbau, Oicha na Eringeti. Kisha ikaja Ebola, iliyotangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200. Mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 walipoingia Kanyabayonga na Kirumba, njia ya kuja kaskazini ilijaa watu wenye magodoro vichwani. Yuko mama wa miaka 50 aliyeanza maisha upya katika chumba cha kupewa, na sufuria moja. Huyo hakusema kwamba ya zamani yamekwisha. Tazameni alichokibeba: mgongoni mtoto wa binti yake, na mkononi mtoto wa jirani ambaye mamaye hajulikani yuko wapi. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kutupa mzigo njiani ni yeye, naye hakuutupa. Kwa hiyo mtu mwenye afya njema, aliyeondoka mchana, akaagana na rafiki zake, akapanda lori kwa nauli yake, asije mbele yangu kujiita mkimbizi.

Tena sisi Wanande tumepewa majina yasiyoukubali uongo huu. Mtu akiitwa Kambale, kila asikiaye anajua kwamba ni mwana wa pili wa kiume wa mamaye. Kasereka ni wa tatu, Kakule wa nne, Katembo wa tano. Hawezi kujitaja bila kutaja kwamba wako wengine waliomtangulia tumboni. Hata akivuka mpaka na kufika Kasese kwa ndugu zetu Wakonzo atawakuta akina Masereka, nao watajua mara moja yeye ni wa ngapi kwao. Labda ndiyo maana huko kwenye kare, kama tuyaitavyo machimbo ya dhahabu, wengi hujificha katika jina la utani, na ukimtafuta mtu kwa jina alilopewa na babaye huambiwa hakuna mtu kama huyo.

Nchi yetu nzima ilikwisha kuijaribu dawa hiyo ya jina jipya. Tarehe 27 Oktoba 1971 tuliambiwa kwamba Kongo imekufa, sasa kuna Zaire: nchi Zaire, mto Zaire, fedha Zaire. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yakakatazwa, na Joseph-Désiré mwenyewe akawa Sese Seko. Kardinali Malula wa Kinshasa alipopinga alitolewa katika nyumba yake, akakaa Roma miezi kadhaa. (Sisi wa huku hatukuhangaika sana kutafuta majina ya mababu, tulikuwa nayo tayari.) Mei 1997 Mobutu alikimbia, na jina la Kongo likarudi. Je, madeni yaliyokopwa kwa jina la Zaire yalikufa pamoja na jina hilo? Thubutu! Wenye kudai walitutambua vizuri sana, wakatudai mpaka mwaka 2010, sehemu kubwa ya deni iliposamehewa. Na ilisamehewaje? Baada ya kukiriwa, kuhesabiwa na kujadiliwa miaka mingi. Haikusamehewa kwa sababu tumebadili bendera.

Sasa twende nyumbani kwa aliyeachwa, maana katika mazungumzo haya yote ya kuanza upya yeye hatajwi. Mumewe yu hai, kwa hiyo yeye si mjane, wala hapati huruma ya mjane. Hana mume ndani ya nyumba, kwa hiyo hapati heshima ya mke. Akitembelewa na mtu, mtaa wasema. Asipotembelewa na mtu, shemeji zake wasema ana kiburi, ndiyo sababu mume aliondoka. Mwenye mlima anataka muhako wake kila mwaka, ile kodi ya ardhi tunayoilipa kwa mbuzi au kuku au mavuno, na mbuzi huyo hupokewa kutoka mkononi mwa mwanamke bila swali lolote. Lakini jirani akisogeza mpaka wa shamba, na yule mama akaenda kushtaki, huulizwa: "Mume wako yuko wapi? Aje aseme mwenyewe." Angalieni haki hii! Mbuzi wa mwanamke ana kauli, lakini mwanamke mwenyewe hana. Sheria ya Familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya tendo la kisheria. Mwaka 2016 sheria hiyo ilirekebishwa na sharti hilo likaondolewa. Ni vema, lakini karatasi ya Kinshasa huchelewa sana kupanda mlima, na kwenye baraza la ukoo swali ni lile lile la zamani.

Na Kanisa? Kanisa nalo halimwozeshi, maana ndoa yake ni hai. Nayasema haya nikiujua ukali wake. Mwanamke wa miaka 30 ambaye hakukosa neno lolote anafungwa na ahadi, na yule aliyeivunja anacheza muziki Mambasa. Watu huniuliza kwa nini nafundisha hivyo. Nafundisha hivyo kwa sababu ahadi ni kweli. Lakini ikiwa ni kweli kwake yeye aliyebaki mlimani, basi ni kweli pia kwa yule aliyeko msituni, nasi hatuna ruhusa ya kumkazia mmoja na kumlegezea mwingine kwa sababu mmoja twamwona kila Jumapili na mwingine yuko mbali. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika jambo hili mambo yamegeuka: asiyekuwapo ndiye anayestarehe, na lake lote limelazwa juu ya mgongo wa aliyepo.

Wako wanaonijibu kwa Injili. Wananiambia: "Katekista, mbona Mitume waliacha nyavu zao wakaondoka? Nao walikuwa watu wazima." Ni kweli waliacha. Lakini someni vizuri, msisome kama mtu aliyeshika mfuko wake tayari. Yakobo na Yohane walipomwacha baba yao Zebedayo ndani ya mashua, Marko hasahau kutuambia kwamba walimwacha pamoja na wafanyakazi wa mshahara. Mzee hakubaki peke yake na nyavu zilizochanika. Simoni Petro naye aliitwa, akafuata, na mara baada ya hapo twamkuta Bwana Yesu ndani ya nyumba ya Petro, akimponya mama mkwe wake aliyekuwa na homa. Na miaka mingi baadaye Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto, anamtaja Kefa kuwa asafiri pamoja na mke. Basi Petro aliziacha nyavu, lakini mama mkwe hakumwacha na homa yake. Watoro wetu wao huwaacha mama wakwe na kubeba nyavu.

Wengine, wale waliosoma kidogo, humleta Mtakatifu Augustino, na hapo wananigusa, maana mapadri Waasumpsionisti waliofika kwetu mwaka 1929 wanafuata kanuni yake, nasi tumelelewa chini ya jina lake. Augustino alibatizwa na Mtakatifu Ambrosi huko Milano, usiku wa Pasaka wa mwaka 387, akiwa na umri wa miaka 32. Huyo hakika alianza upya akiwa mtu mzima. Na kabla ya hapo? Alikuwa ameishi miaka mingi na mwanamke mmoja, wakazaa mtoto wa kiume, Adeodato. Ndoa ya faida ilipopangwa na watu wa nyumba yake, mwanamke huyo akaonekana kuwa kizuizi, akarudishwa Afrika, naye akaapa kutomjua mwanamume mwingine. Hayo hatuyajui kwa maadui wa Augustino. Yeye mwenyewe aliyaandika katika Maungamo yake, akakiri kwamba moyo wake ulibaki na jeraha. Mtoto hakumtupa: Adeodato alibatizwa pamoja na baba yake usiku ule ule. Basi anayetaka kumfuata Augustino amfuate katika hilo: aseme hadharani alichokifanya, na amshike mtoto wake mkono. Hata hivyo, jina la yule mwanamke Augustino hakuliandika mahali popote. Miaka zaidi ya 1,600 imepita, twasali kwa maombezi ya mama yake Monika, twamjua mtoto kwa jina, na yeye hatumjui. Mimi jambo hili sijalizoea, na sidhani kwamba yanipasa kulizoea.

Sasa naomba niseme na makatekista wenzangu wa maparokia ya bondeni na msituni. Mnajua kwamba kabla ya ndoa lazima mchumba alete cheti cha ubatizo kilichoandikwa karibuni na parokia alikobatizwa. Watu hudhani ni taabu ya bure, cheti cha zamani kisichokubaliwa. Sababu yake ni kwamba ndoa ya mtu huandikwa pembeni mwa jina lake katika kitabu cha ubatizo, na cheti kipya ndicho kinachofichua kama ana mke mahali pengine. Kisha ndoa hutangazwa kanisani ili mwenye kujua kizuizi aseme. Mlango huo una kufuli mbili, na zote mbili zamlinda yule mama wa mlimani ambaye hamjapata kumwona. Lakini siku hizi mtoro amepata ufunguo. Anasema: "Vita viliteketeza kila kitu, sina cheti." Na kwa kuwa ni kweli kwamba wengi wamepoteza vyeti vitani, na kwamba kwao hutumika mashahidi na viapo, yeye hupita katikati yao kama mbuzi mgeni ndani ya kundi. Piga simu, ndugu yangu! Kuuliza kwa simu kama fulani, mwana wa fulani, alifunga ndoa kwetu ni kazi ya dakika tano. Kitabu kisipopatikana, mashahidi wapo, na mimi nawajua hata wale waliopika siku ya arusi. Ukiona mchumba anakasirika kwa sababu umetaja kupiga simu, hapo umekwisha kupata jibu. Wako watakaokwenda kwa mchungaji mwingine asiyeuliza swali. Waende. Angalau tusiwe sisi tulioweka saini.

Nisije nikaonekana kumkataza mtu mzima asianze kazi mpya. Twaye mfano wetu wenyewe. Monsinyori Emmanuel Kataliko alikuwa Askofu wa Butembo-Beni tangu mwaka 1966. Mwaka 1997, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, alipelekwa kuwa Askofu Mkuu wa Bukavu, mahali ambapo mtangulizi wake, Monsinyori Munzihirwa, alikuwa ameuawa Oktoba 1996. Kwa umri huo mtu hutafuta kiti na jua la asubuhi. Yeye alikwenda. Februari 2000 watawala wa RCD walimzuia asikae Bukavu, wakamlazimisha abaki Butembo, yaani kwa watu wake, lugha yake, chakula chake. Nani kati yetu angelalamika? Yeye alihesabu kwamba yuko uhamishoni, akawaandikia Wakristo wake wa Bukavu, akarudi kwao Septemba. Tarehe 4 Oktoba 2000 alifariki Roma. Aliwapenda watu wa pili bila kuwakana wa kwanza, na Butembo hadi leo yamwita baba.

Na Zakayo, mtoza ushuru, ambaye kila mwaka twasoma habari zake, je, alihama? Hakutoka Yeriko. Nyumba ilikuwa ile ile, majirani wale wale aliowanyang'anya, mti ule ule barabarani. Nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa kurudishiwa mara nne: hiyo ndiyo ilikuwa siku yake ya kwanza ya maisha mapya, na ilikuwa siku ya gharama kubwa. Dawa ya deni ni kulipa. Mtu akiniambia ameanza upya, mimi namwuliza imemgharimu nini. Ikiwa gharama yote imelipwa na mwanamke aliyeko mlimani, basi aliyeanza upya ni huyo mwanamke.

Ndugu uliye Mangurejipa au Mambasa, wewe ambaye pengine rafiki yako anakusomea maneno haya jioni, sikuombi upande lori kesho. Labda kweli hakuna shamba la kurudia. Nakuomba useme. Simu unayo, na pesa siku hizi hupita ndani ya simu. Mwambie mkeo kwamba u hai na uko wapi. Uliza mtoto wako wa pili yuko darasa la ngapi, maana hujui. Kama huko kunakalika, mwite aje na watoto. Kama umekwisha kuchukua mwingine, nenda kwa padri useme yote mawili, la Kipese na la huko, usiseme moja. Na umpigie mwenye mlima mbele ya mashahidi, umwambie kwamba shamba liko mikononi mwa mkeo, na neno lake juu ya mipaka ni neno lako. Fanya hivyo kabla ya mvua za Septemba, kwa sababu mbuzi wa muhako atatakiwa, na upande wa juu, penye mti wa mikaratusi, jirani yako amekwisha kuusogeza mpaka kwa hatua mbili.